Mtoto Ndani ya Ngoma: Hadithi Zetu na Mambo ya Giza

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita hapa Tanga, mbele ya walimu wa fasihi na waandishi wachanga. Walioikosa waliniomba niiweke yote. Nimeiacha kama nilivyoisema, pamoja na majibu ya ukumbi.

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, waandishi, wazazi, wazee wangu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Na nyinyi vijana mliojibana pale mlangoni, hamjambo?

Mwenyekiti amenipa dakika 40, na amenikumbusha mara mbili kabla sijasimama. Nitajitahidi. Ila mwalimu ukishampa kipaza sauti, lawama ni zako.

Nimeombwa nizungumzie hadithi na mambo ya giza: ubakaji, vipigo vya majumbani, vita, mauaji. Je, tuyaandike? Na tukiyaandika, tuyaandikeje? Kabla sijajibu, niitikieni kwanza.

Paukwa!

(Ukumbi: Pakawa!)

Mmelala. Paukwa!

(Ukumbi: PAKAWA!)

Sasa tuko pamoja. Bibi yangu wa Pangani alikuwa akitusimulia hadithi hii usiku, sisi tumekaa juu ya jamvi, yeye anachagua mchele kwenye ungo. Wasichana walikwenda pwani kuokota makombe. Mmoja akapata kombe zuri kuliko yote, akaliweka juu ya mwamba, akalisahau. Wako njiani kurudi, akakumbuka. Akawaomba wenzake warudi naye. Wakakataa, jua linazama. Akarudi peke yake, huku anaimba ili asiogope. Kufika, juu ya mwamba limekaa zimwi. Zimwi likasema, una sauti nzuri, sogea uniimbie vizuri. Akasogea. Likamkamata, likamtia ndani ya ngoma, likawamba ngozi juu.

Tangu siku hiyo zimwi likawa linatembea kijiji hadi kijiji. Likifika linasema, nipikieni nile, nami nitawapigia ngoma ambayo hamjapata kuisikia. Likipiga, mtoto anaimba humo ndani. Na watu wanacheza! Wanacheza mpaka vumbi linapanda juu ya mapaa. Wanalipikia zimwi wali na kuku, wanalisifu. Wanaambiana, ngoma hii ina sauti kama ya mtu.

Naomba niirudie sentensi hiyo. Ngoma hii ina sauti kama ya mtu.

Mpaka siku zimwi lilipoingia kijijini kwa yule mtoto. Mama yake alikuwa jikoni. Akasikia. Akaacha mwiko ndani ya chungu, akatoka nje na mikono yenye unga. Akasema, hiyo si ngoma, huyo ni mwanangu.

Hadithi hii nimeisikia utotoni labda mara hamsini, na mara zote hamsini niliogopa zimwi. Siku hizi naogopa wachezaji. Zimwi lina njaa yake, tunalijua. Lakini wale watu wazima, wenye masikio, wenye watoto wao wa kike, walisikia sauti ya mtu ikitoka ndani ya ngozi ya ng'ombe wakapiga vigelegele.

Nilichokuja kusema ni hicho tu, mengine ni mifano. Ukiandika hadithi ya ukatili, unapiga ngoma, na ndani yake yumo mtu. Msomaji wako atacheza, au ataacha mwiko chunguni?

Nianze na dhambi yangu mwenyewe, maana si uungwana kuanza na za wenzangu.

Nilikuwa na miaka 26 nilipoandika hadithi yangu ya kwanza kuhusu ubakaji. Nilijiona shujaa. Nikaisoma mbele ya kikundi chetu cha waandishi, chumba kidogo, feni moja, wanaume kumi na mmoja na mimi wa kumi na mbili. Tendo lenyewe nilikuwa nimelipa kurasa mbili nzima. Gauni linachanika, ngozi, pumzi, mapaja, kila kitu. Nilipomaliza wakapiga makofi. Mmoja akasema, ndugu yangu, umeandika mpaka nimehisi nipo pale.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akituuzia chai. Alikuwa ameingia kukusanya vikombe vyake, akasimama hapo na sinia mkononi, akasikia mwisho wa hadithi. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, huyo binti anaitwa nani?"

Nikafungua karatasi zangu. Mbakaji nilikuwa nimempa jina. Nilikuwa nimempa kazi, gari, shati la mistari, hata kovu kwenye nyusi. Binti alikuwa "msichana". Kurasa tisa, "msichana". Yule mama hakusema kitu kingine. Alimalizia vikombe vyake akaondoka, nami nikabaki naangalia feni.

Ndugu zangu, wale wenzangu kumi na mmoja walikuwa wanacheza. Na mpiga ngoma alikuwa mimi. "Nimehisi nipo pale." Upo pale kama nani? Umesimama upande wa nani chumbani?

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja nikisoma mswada wa mtu, na mnaweza kunicheka: namtafuta aliyeumizwa, naangalia kama ana jina, kama ana kitu anachokipenda, kama alikuwa na safari ya kwenda mahali siku ile. Kama hana, nafunga mswada.

Sasa niingie kwenye lugha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo walimu tunapohusika.

Tafsida, yaani kulifunika jambo kwa maneno ya adabu, tunaijua sote. Tunaifundisha kama pambo: kujifungua, haja ndogo, kuaga dunia. Ni adabu, na adabu ni kitu kizuri. Mimi ni mtu wa pwani, siwezi kusimama hapa nikaanza kutaja viungo vya watu mbele ya wazee. Lakini sikilizeni tunavyosema mtoto akibakwa. Kachezewa. Kaingiliwa. Kaharibiwa. Kaharibiwa! Kama redio. Kama vile aliyekuja na uchafu wake akaondoka mzima, na huyu mtoto sasa ndiye mbovu, atafutiwe fundi.

Na akiwa mjamzito? Tunasema kapata mimba. Kaipata wapi? Kama mtu aliyeokota shilingi njiani!

Tazameni na ile herufi yetu ndogo ya kutendwa, ile -w-. Kapigwa. Kabakwa. Kauawa. Sentensi imekamilika, sarufi haina kosa, mwanafunzi anapata alama zake. Aliyetenda yuko wapi? Keshatokea mlango wa uani. Kiswahili kinamruhusu kutoka. Lakini Kiswahili hichohicho kina kineno cha kumrudisha, kineno chenye herufi mbili tu: na. Kabakwa na baba yake mdogo. Kapigwa na mumewe. Oneni ukumbi ulivyonyamaza.

Wazee walisema funika kombe mwanaharamu apite. (Najua, najua, mwalimu pale nyuma asininyooshee mkono, kombe la methali ni chombo na kombe la Bibi ni la pwani. Niacheni nichanganye kidogo.) Tumefunika makombe mengi mno, na wanaharamu wamepita, wamerudi, wamekaa sebuleni wanakunywa chai.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, je, mwandishi ataje kila kitu wazi? Namwambia hapana, na nawaombeni mnielewe vizuri. Tendo unaweza kulifunika. Mlango unaweza kufungwa, taa ikazimwa, sura ikaisha. Hiyo ni sitara, na aliyeumizwa anaistahili. Mtendaji ndiye asiyefunikwa. Mimi nilifanya kinyume kabisa, nilimvua nguo msichana nikamvisha mbakaji.

Mwaka 1971 kijana wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, alitoa riwaya ya Rosa Mistika. Nilikisoma nikiwa kidato cha nne, nakala isiyo na jalada, iliyopita mikono mingi hata pembe zake zimelainika kama noti kuukuu. Mnakumbuka Zakaria, baba yake Rosa. Mlevi. Anampiga mkewe Regina. Anaikuta barua ambayo binti yake ameandikiwa na mvulana, anampiga Rosa kipigo ambacho mimi nilikisoma nimesimama. Kitabu kilipata kupigwa marufuku shuleni, kikasemwa kwamba kinazungumza mambo waziwazi mno. Baadaye kikaruhusiwa, kikasomwa madarasani. Sasa jiulizeni: ni nini hasa kiliwatisha wakubwa? Mapenzi ya kwenye kile kitabu? Sidhani. Nadhani ni Zakaria. Kwa sababu Zakaria si zimwi. Hana pembe. Ni baba, anaamini anamlinda binti yake, na wengi waliokifungia kitabu waliijua sauti ile, ilikuwa ikisikika majumbani mwao.

Zimwi la hadithi za usiku linakaa porini. Zimwi la riwaya linakaa mezani, linaombwa lipitishe chumvi.

Nitawatoa nje ya Tanzania kidogo. Mwaka 1998, miaka 4 baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kundi la waandishi wa Kiafrika lilialikwa kwenda kule, waone, wasikilize, waandike. Miongoni mwao alikuwa Boubacar Boris Diop wa Senegali. Kusini mwa nchi kuna mahali panaitwa Murambi, palikuwa na shule ya ufundi. Maelfu ya Watutsi walikusanyika hapo Aprili 1994 wakiambiwa watalindwa, wakauawa. Miili mingine ilihifadhiwa kwa chokaa, ikalazwa madarasani. Riwaya ya Diop inabeba jina la mahali hapo. Ndani yake yumo mtu anaitwa Cornelius, anarudi Rwanda kutoka Djibouti alikokuwa mwalimu, na kichwani amekwisha kupanga mchezo wa kuigiza kuhusu mauaji yale. Mchezo wenye kejeli, wenye vichekesho. Yaani anakuja na ngoma yake. Anafika, anaambiwa jambo ambalo watu wote wanalijua isipokuwa yeye. Baba yake, daktari, mtu wa heshima, ndiye aliyeandaa mauaji ya Murambi.

Mchezo ule unamtoka mikononi. Anakwenda kutazama ile miili.

Waandishi wachanga, mnaposema mnataka kuandika vita vya mahali fulani, nakumbuka Cornelius. Sisemi msiandike. Nasema ulizeni kwanza baba yenu alikuwa wapi.

Kuhusu vita, nitakuwa mfupi, maana vita vina wapenzi wengi tayari, na mizinga haihitaji msaada wangu.

Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Habari yenyewe ni Maji Maji, vita vya kuupinga utawala wa Wajerumani, vilivyoanza Umatumbi Julai 1905. Mnajua hesabu zake. Songea peke yake, tarehe 27 Februari 1906, walinyongwa watu 67. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba vita vyote viliua watu 75,000, na wapo wanahistoria wanaofika 300,000. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kwa sababu mashamba na maghala yalichomwa makusudi. Sasa mtu akikupa habari kubwa kiasi hicho uiweke jukwaani, utaanzia wapi? Mimi ningeanza na bunduki, nawaambia ukweli. Hussein anaanza na wanawake wawili wanazungumza habari za chakula kilichoadimika. Nyumbani hakuna kitu, waume wanafanyishwa kazi shambani kwa mzungu. Njaa ambayo itakuja kuua kuliko risasi, ameiweka mlangoni, midomoni mwa wapishi, kabla hatujaona askari hata mmoja.

Jikoni tena. Kama mama wa yule mtoto. Vita vikianza, wa kwanza kujua ni anayefunua chungu.

Wakenya mlioko hapa, nimewaona, karibuni sana. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Mwaka 2014 Assumpta Matei akatoa riwaya ya Chozi la Heri. Hakuitaja Kenya, nchi aliiita Wahafidhina, na kila msomaji alijua. Mle ndani Kaizari anasimulia mabinti zake walivyobakwa mbele ya macho yake. Baba ndiye anayesimulia, na sauti yake inakatikakatika. Nasi tunabaki na majina: Lime, Mwanaheri. Yule mama wa chai angeridhika. Na ukisonga mbele unamkuta Mwanaheri shuleni, ameketi na wenzake, kila mmoja anaeleza yake. Ameachwa aendelee kuishi mpaka apate wa kumsimulia.

Na kuna Sauna. Sauna alibakwa na baba wa kambo, mama akamficha mume, akamwambia mtoto anyamaze. Funika kombe! Sauna huyohuyo baadaye anaiba watoto wa watu na kuwapeleka kwa mfanyabiashara. Wanafunzi wangu hawampendi Sauna. Wanataka aliyeumizwa awe malaika, ndipo wamhurumie. Huwa nawauliza, kwani nani alimfundisha kwamba mtoto ni kitu cha kufichiwa?

Kitabu hicho kilitahiniwa Kenya kuanzia 2018 hadi 2022. Hapo ndipo moyo unaponiuma, na naomba walimu msinichukie. Rafiki yangu anafundisha ng'ambo ya mpaka. Aliniambia alimsimamisha msichana mmoja asome kwa sauti ile sehemu ya Kaizari, kama tunavyofanya sote, fulani simama usome. Msichana akasoma mistari mitatu. Akanyamaza. Mwalimu akasema, endelea, sauti ipande. Msichana akaendelea, sauti imenyooka kama anasoma bei za sokoni, macho hayaondoki kwenye ukurasa. Kisha mwalimu akaandika ubaoni: Eleza muktadha wa dondoo hili, alama 4.

Rafiki yangu alikuja kujua baada ya miezi kadhaa kwa nini sauti ya yule mtoto ilinyooka vile. Ndani ya darasa lake kulikuwa na ngoma, na yeye aliiambia ipande sauti.

Walimu, sehemu kama hizo someni wenyewe. Waambieni wanafunzi siku moja kabla kwamba kesho tunasoma sura ngumu. Anayetaka kutoka atoke, na asiulizwe. Mimi sina digrii ya saikolojia, hili nimeelekezwa na aibu.

Niko karibu kumaliza, mwenyekiti, naiona saa.

Jambo la mwisho ni ugomvi wangu na riwaya zetu, na Rosa Mistika mpenzi wangu nayo imo. Rosa anajiua. Na si Rosa peke yake. Hesabuni wasichana waliobakwa, waliotelekezwa, waliopigwa katika hadithi mlizosoma mkiwa shule, muone wangapi wanafika ukurasa wa mwisho wakiwa hai. Tunawaua. Tunamuua binti ili wengine wapate fundisho. Msomaji analia, anafunga kitabu, anakwenda kulala, kesi imekwisha. Lakini wale walioko mitaani kwetu hawajafa! Wako kwenye daladala. Wako safu ya nne hapa ukumbini. Wataandikiwa na nani hadithi ya Jumanne ya kawaida, miaka kumi baadaye?

Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar, aliyepata Nobeli mwaka 2021, ana riwaya ya Kiingereza iliyotoka mwaka 2020, Afterlives. Jina lenyewe ni maisha yanayofuata baadaye. Humo yumo mtoto anaitwa Afiya. Anayemlea anagundua kwamba anajua kuandika, anampiga hadi anamvunja mkono. Na mtoto anafanya nini? Anaandika! Kikaratasi, maneno machache, ameumizwa, asaidiwe, na kinafika kwa mtu anayekuja kumchukua. Baadaye anakua. Anampenda Hamza, aliyekuwa askari wa Wajerumani, naye amerudi vitani na majeraha yake. Wanaoana, wanapata mtoto. Maumivu hayaishi, yamo nyumbani mwao kama mgeni asiyeaga, lakini chakula kinapikwa, watu wanapendana. Nilikisoma polepole nikihofu kwamba ukurasa unaofuata Gurnah atamuua Afiya. Hakumuua.

Hadithi ya Bibi inaisha hivi. Wanalinywesha zimwi pombe mpaka linalala. Wanamtoa mtoto ndani ya ngoma, wanatia nyuki na siafu, wanawamba ngozi tena. Zimwi linaamka, linakwenda zake, linaifungua ngoma yake porini, na yanalipata yaliyolipata. Tulikuwa tunashangilia sana hapo. Niliwahi kumuuliza Bibi, na yule mtoto je? Akasema, alirudi kwao. Nikasema, halafu? Akasema, halafu lala.

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili hadithi hiyo, nikawaambia andikeni ile halafu. Wengi walimwoza kwa mtoto wa mfalme. Mmoja alimpeleka chuo kikuu, akawa wakili. Msichana mmoja, anayekaa karibu na dirisha na hazungumzi sana, aliandika nusu ukurasa tu. Aliandika kwamba yule mtoto alipoposwa, aliomba siku ya harusi yake ngoma isipigwe. Watu wakanong'ona, harusi gani hii haina ngoma? Mama yake akawajibu pigeni makofi. Wakapiga makofi, yule binti akatoka ndani, akasimama mlangoni muda mrefu anasikiliza, ahakikishe ni mikono tu.

Asanteni kwa kunisikiliza.